Oili ya difu ya pikapu: ipi ya kuweka, namna ya kuibadili, na ile inayotoka inakuambia nini

Injini ina dipstiki, na presha ya oili ikishuka taa nyekundu inawaka. Difu, ile nyumba ya gia iliyo katikati ya ekseli, haina dipstiki, haina taa, haina pampu wala filta. Oili iliyomo ndani hurushwa na krauni, gia kubwa ya ndani, inapozunguka, basi. Ikipungua, ikiingia maji au ikichoka, hakuna cha kukustua hadi siku mvumo utakapoanza kusikika ndani ya kabini, na siku hiyo aghalabu beringi au meno yameshaliwa. Kwa hiyo siku ya kubadili oili ndiyo nafasi yako ya kujua hali ya ndani bila kuifungua difu. Fundi anayeimwaga oili ile bila hata kuitazama amekunyima nusu ya kazi uliyomlipa.

Maelezo haya yanafuata difu ya nyuma ya Toyota Hilux, kwa kuwa ndiyo pikapu iliyozagaa zaidi huku kwetu. Isuzu, Nissan, Mitsubishi na Land Cruiser za mkonga hutofautiana kwenye saizi za spana na ujazo wa oili, lakini kanuni ni zilezile.

Kwa nini difu inadai oili yake yenyewe

Propela, shafti ndefu inayotoka gia boksi, inaingia kwenye difu ikiwa imeshika pinioni, gia ndogo. Pinioni inazungusha krauni, gia kubwa, na krauni inapeleka nguvu kwenye hafu shafti mbili zinazozungusha matairi. Katika difu ya uwiano wa 4.1, pinioni ina meno 10 na krauni meno 41, maana yake propela inazunguka mara 4.1 ili tairi lizunguke mara moja. Nguvu yote ya injini, ikiwa imeshaongezwa na gia boksi, inapita kwenye meno mawili matatu yanayogusana kwa wakati mmoja.

Sasa tazama pinioni ilivyokaa. Haiko usawa wa kati wa krauni, imeshushwa chini yake. Watengenezaji walifanya hivyo ili propela ikae chini zaidi na pinioni iweze kuwa nene na imara. Gharama yake ni kwamba meno hayabingiriki tu juu ya mengine, bali yanateleza huku yamekandamizana kwa nguvu kubwa sana. Oili ya kawaida ikikandamizwa hivyo hubanwa ikatoka yote, na chuma kikabaki kinasaga chuma. Oili ya difu ina viungo vya salfa na fosforasi ambavyo, pale panapopata moto, hujibu na chuma na kutengeneza utando mwembamba juu ya jino. Utando ule ndio unaolika badala ya jino. Harufu ile kali inayoganda mikononi siku nzima ni ya salfa.

Hapo ndipo alama za GL, yaani daraja la oili ya gia, zinapokuja. GL-5 ina viungo hivyo kwa karibu mara mbili ya GL-4, na difu ya pinioni iliyoshushwa inataka GL-5. GL-4 ni ya gia boksi nyingi za mkono. Kosa linalofanyika sana kwenye magereji ni kununua dumu moja la "oili namba 90" na kulimalizia kote, gia boksi na difu. Ukiweka GL-4 kwenye difu, meno yanakosa kinga ya kutosha gari likibeba mzigo mlimani. Ukiweka GL-5 kwenye gia boksi isiyoitaka, salfa ile inaweza kuila shaba ya ringi za kulinganishia gia, na gia zikaanza kugoma kuingia. Kwa hiyo usimuulize muuzaji "ni namba ngapi" peke yake. Geuza dumu, soma nyuma: imeandikwa GL ngapi?

Namba yenyewe, 80W-90 au 75W-90, inahusu uzito, yaani ugumu wa oili kutiririka, na inawachanganya wengi kwa sababu wanailinganisha na ya injini. Vipimo hivi viwili havitumii ngazi moja. Oili ya difu ya 90, ikishapata joto, ina uzito unaokaribiana na oili ya injini ya 40 au 50. Haina maana kwamba ni nzito maradufu. Tarakimu iliyotangulia W ni ya baridi, na kwa sisi haina kazi kubwa: vitabu vya Toyota vya miaka ya nyuma vilikuwa vinaruhusu SAE 90 tupu mahali popote ambapo joto halishuki chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na hata Makete kwenye baridi yake ya Julai hakufiki huko. Kwa hiyo 80W-90 ya madini yenye GL-5 inatosha kwa pikapu nyingi. Sintetiki ya 75W-90 inastahimili joto vizuri zaidi, na inalipa kwa gari linalovuta trela au kupanda milima na tani moja nyuma kila siku. Kwa gari la kwenda shamba mara mbili kwa wiki, pesa hiyo afadhali uitumie kubadili oili ya kawaida mapema.

Oili nzito ya 85W-140 iache kwa gari ambalo kitabu chake kinaitaja. Wapo wanaoiweka, au wanaochanganya oili na grisi, ili kunyamazisha difu inayovuma. Inanyamaza kweli kwa muda, hasa wakati gari linauzwa. Beringi iliyolika haiponi.

Oili ya kupima, inayochotwa kwenye pipa na kuwekwa kwenye chupa ya maji, haina namna ya kuthibitisha GL yake. Kuokoa shilingi elfu chache kwenye lita mbili au tatu zitakazokaa miaka miwili ni hesabu mbovu.

Difu ya kawaida au LSD?

Kabla ya kununua, jua kama difu yako ina klachi za kuzuia tairi moja kuzunguka bure, ile inayoitwa LSD. Nyingi hazina, lakini Hilux na pikapu nyingine kadhaa zimekuja nayo, na gari lililotumika Japani huwezi kujua kwa kulitazama. LSD inahitaji GL-5 iliyoandikwa pia LSD, yenye kiungo kinacholainisha klachi. Bila hicho gari linatetemeka na kugonga nyuma likikata kona taratibu.

Kujua ni rahisi. Weka mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, inua matairi yote mawili ya nyuma na kuyaweka juu ya stendi, gia iwe huru na hendibreki imeachiwa. Zungusha tairi moja kwa mkono. Tairi la pili likizunguka kinyume, difu ni ya kawaida. Likifuata upande uleule huku unahisi ugumu, ni LSD. Klachi za LSD zikiwa zimeisha itajifanya ya kawaida, kwa hiyo tazama pia kibandiko karibu na nati ya kujazia. Mara nyingi kilikuwapo, ingawa matope hukila.

Kumwaga na kujaza

Unahitaji soketi ya 24 yenye pembe sita (ya pembe kumi na mbili huviringisha kichwa cha nati), kipini kirefu, beseni la kutosha lita nne, brashi ya waya, washa mbili mpya, na oili. Hilux za 4x4 za miaka ya 1990 difu ya nyuma hubeba lita 2.2. Nyingi za baadaye hubeba zaidi, hivyo soma kitabu cha gari lako, na ukikikosa nunua lita nne. Cha kujazia ni pampu ya mkono, au mpira wa mita mbili wenye faneli juu, uliopitishwa kutoka kwenye bodi hadi chini, oili ikashuka kwa uzito wake.

Endesha gari dakika 15 hivi kwanza. Oili yenye joto hutoka haraka na kubeba uchafu uliotuama chini. Kisha lisimamishe mahali tambarare kabisa. Pikapu nyingi ziko juu kiasi kwamba huhitaji jeki kwa difu ya nyuma, na ni vizuri hivyo, maana gari lililoinuliwa upande mmoja litakupa kipimo cha uongo. Hendibreki juu, gia ya kwanza, mawe kwenye matairi.

Nati ni mbili: ya kujazia, iko nyuma ya nyumba ya difu karibu na usawa wa kati, na ya kumwagia, iko chini kabisa. Anza na ya kujazia. Daima. Ukimwaga kwanza, kisha ukute ya kujazia imeganda au kichwa kimeviringika, umebaki na gari lisilo na oili ya difu na lisiloweza kwenda kwa mwenye mashine ya kuchomelea. Sugua kuzunguka nati kwa brashi kabla ya kufungua, kwa sababu mchanga ule pembeni utaingia ndani. Ikigoma, pulizia mafuta ya kulegeza kutu, igonge kichwani kwa nyundo mara kadhaa, subiri, kisha jaribu tena na bomba refu kwenye kipini.

Nati ya kujazia ikishalegea, fungua ya chini. Acha itiririke robo saa au zaidi, hadi iwe matone. Usiitupe kwanza: ipime. Mimina kwenye chombo chenye alama za lita. Difu ya lita 2.2 ikitoa lita 1.4, kuna mahali panapovuja, na kujaza tena bila kupatafuta ni kuahirisha tu. Ikitoa zaidi ya ujazo wake, ama mtu aliijaza kupita kiasi, ama maji yameingia.

Safisha sumaku ya nati ya chini, weka washa mpya, funga. Kwa difu ya nyuma ya Hilux kaza kwa Nm 49. Kama huna spana ya kupimia nguvu, hiyo ni sawa na kilo 16 na nusu zikining'inia kwenye ncha ya kipini cha sentimita 30, yaani mkono mmoja bila kujitupa mwili mzima. Washa ni laini na inabonyea yenyewe. Anayekaza kwa bomba la mita moja anaharibu uzi wa nyumba ya difu, na hapo biashara inakuwa nyingine kabisa.

Jaza hadi oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Subiri dakika tano hadi kumi, kwa sababu inaenea polepole kwenye mirija ya ekseli, kisha ongeza. Kipimo sahihi ni usawa wa ukingo wa chini wa tundu au si zaidi ya milimita 5 chini yake. Ingiza kidole kilichokunjwa uhakikishe. Funga. Endesha kilomita chache, rudi mahali tambarare, acha ipoe, fungua tena nati ya juu na upime. Wengi huruka hatua hii ya mwisho, na mara nyingi ndipo penye upungufu wa robo lita.

Zipo difu zisizo na nati ya chini. Hizo unafungua mfuniko wa nyuma na kuufunga upya kwa gasketi au silikoni, au unanyonya oili kwa pampu kupitia tundu la kujazia. Kunyonya huacha uchafu mzito chini, kwa hiyo afadhali mfuniko ufunguke angalau mara moja moja.

Soma kilichotoka

Tope la kijivu kwenye sumaku, laini kabisa ukilisugua kati ya vidole, ni la kawaida. Ni unga wa meno uliokusanyika kwa maelfu ya kilomita. Chenga zinazochoma kidole zinaonyesha beringi au uso wa meno umeanza kubanduka. Kipande chenye umbo, hata kidogo kama nusu ya punje ya mchele, ni jino au ukingo wa beringi. Gari lisipakiwe tena kabla difu haijafunguliwa, kwa sababu kipande kinachofuata kikipita kati ya pinioni na krauni huondoka na vyote viwili.

Oili nyeusi isiyo na chenga imechoka tu. Yenye harufu ya kuungua ilipata joto kali, na sababu ya kwanza ya kuichunguza ni upungufu wa oili. Oili ikipungua, ya kwanza kuumia huwa beringi ya mbele ya pinioni, ile iliyo upande wa propela. Iko mbali na dimbwi la oili, na inaishi kwa kile tu krauni inachorusha kwenye mfereji wake.

Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Hii haisubiri kilomita. Maji huondoa utando wa oili, hutia kutu beringi gari likiwa limelala, na kutu ile huanza kusaga siku gari linapoondoka. Mwaga, jaza, endesha kilomita 50 hadi 100, mwaga tena. Mara moja haitoshi, kwani maji mengine yamejificha kwenye mirija ya ekseli. Kisha jiulize yaliingia wapi.

Kipumulio

Juu ya ekseli ya nyuma kuna kifuniko kidogo cha chuma, kikubwa kidogo kuliko ncha ya kidole, ambacho watu wanamiliki gari miaka kumi bila kukigusa. Difu ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka na kutokea hapo. Ikipoa, hewa huingia hapo. Kizuri huchezacheza na kuzunguka ukikishika. Kilichozibwa na tope kimeganda.

Kikiziba, hewa ya moto inatafuta njia dhaifu kuliko zote, nayo ni oili sili, zile ringi za mpira zinazozuia oili isitoke. Oili inasukumwa kwenye ncha za ekseli na kuingia kwenye ngoma za breki. Dereva anaona gurudumu moja limelowa kwa ndani, breki inavuta upande, na fundi anabadili sili. Baada ya miezi miwili inavuja tena. Sili haikuwa na kosa. Na kwenye Hilux, kubadili beringi na sili za ekseli kunahitaji mashine ya kupres, hivyo kurudia kazi hiyo kunauma mfuko kuliko kifuniko chenyewe kinavyogharimu.

Upande wa pili ni maji. Gari limekimbia kilomita 40, difu ina moto, kisha linaingia kwenye mto uliofika juu ya rimu, kama barabara za Kilombero na Rufiji zinavyokuwa masika. Difu inapoa ghafla, hewa ya ndani inajikunja, na inanyonya chochote kilicho nje. Kama kipumulio kimezama au sili imechakaa, inanyonya maji. Dawa ni kukitoa kifuniko kile, kuweka nipo yenye uzi uleule na kupandisha mpira hadi juu ya chesi, mdomo ukiwa umeelekezwa chini na umefungwa kifilta. Kwa gari la vijijini huo mpira una faida kuliko sintetiki ya bei yoyote. Anayevuka maji mara kwa mara aifungue nati ya kujazia baada ya kila msimu wa mvua na kuangalia rangi.

Kujaza kupita kiasi nako huleta uvujaji huohuo. Krauni inaipiga oili hadi inatoa povu, povu linatokea kwenye kipumulio, na povu halilainishi.

Sili ya pinioni si kazi ya haraka

Oili ikivuja pale propela inapoingia, wengi humwambia fundi "badilisha sili tu". Ili kuifikia, nati kubwa ya pinioni lazima itoke, na nati hiyo ndiyo iliyoweka mkazo wa beringi za pinioni. Kwenye difu nyingi mkazo huo umeshikwa na bomba jembamba la chuma linalobonyezwa mara moja tu. Fundi akiirudisha kwa bomba refu na nguvu zote, analibonyeza zaidi, beringi zinabanwa na kuungua ndani ya wiki chache. Akiiacha legelege, pinioni inacheza na meno yanagusana vibaya. Anayejua kazi hupima kwanza ugumu wa kuizungusha pinioni, huweka alama kwenye nati na shafti na kuhesabu nyuzi kabla ya kufungua, kisha huhakikisha ugumu uleule umerudi. Muulize atapimaje kabla hujampa gari.

Difu ya mbele na muda wa kubadili

Kwenye 4x4, difu ya mbele husahaulika kwa sababu haifanyi kazi kila siku, lakini maji huingia huko vilevile. Kwenye Hilux za karibuni nati zake mara nyingi ni za tundu la pembe sita la milimita 10, hivyo soketi ya 24 haitakusaidia. Kwa pikapu zenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser, tazama pia mipira ya usukani kwenye magurudumu: ukiona uji mweusi wa grisi na oili unadondoka pale, sili ya ndani imepasuka na difu inajimwagia huko.

Kwa matumizi ya kawaida kwenye lami, kilomita 40,000 ni muda mzuri. Mzigo, vumbi, matope na trela, ifanye 20,000. Gari ulilonunua mtumba na hujui historia yake, badilisha wiki ya kwanza. Na difu iliyofungwa krauni na pinioni mpya, oili ya kwanza isifike mbali: mizigo mizito isubiri, na baada ya kilomita 800 hadi 1,000 imwage yote, kwani ile oili imebeba chuma cha meno yaliyokuwa yanazoeana. Oili chakavu yoyote iweke kwenye dumu lenye mfuniko. Wanaopaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa huichukua, ila isiwe karibu na kisima wala bustani ya mboga.